Kabla ya kufungua zabuni ya tovuti, fungueni kabati

Mhariri,

Tangazo la zabuni ya tovuti mpya ya kaunti yetu nimelisoma ukutani. Ni karatasi mbili zilizobandikwa kwa selotepu kwenye ofisi ya wadi, jirani na ratiba ya chanjo ya mifugo. Kwenye tovuti halikuweza kusomwa kwa sababu tovuti yenyewe ilikuwa haifunguki. Wanataka tovuti ya kisasa yenye roboti wa kujibu maswali, picha zinazojibadilisha zenyewe, na mahali pa kila mwananchi kufungua akaunti. Akaunti ya nini, tangazo halikusema.

Naomba nafasi katika safu yako niseme kwamba tunachohitaji ni kidogo kuliko hicho, na kwamba tuliwahi kuwa nacho.

Hapa mjini wananiita Mama Saiba. Nina chumba kimoja kando ya stendi ya matatu, kompyuta sita, printa mbili na mashine ya fotokopi yenye hasira kuliko mimi. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka minne katika idara ya TEHAMA ya kaunti, kwa mkataba. Kwa hiyo tovuti ya kaunti naijua kwa pande zote mbili: nilikuwa jikoni, na sasa nimekaa mezani nasubiri chakula. Kaunti yenyewe sitaitaja. Zipo 47, na kwa gumzo ninalopiga na wenzangu wa saiba kwingineko, wengi watadhani nasema yao.

Nianze na Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza. Ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za basari, mwisho saa kumi na moja jioni. Saa tatu asubuhi akaingia bibi mmoja na barua ya mjukuu wake ya kuitwa shule, ameifunga ndani ya mfuko wa unga uliokwisha, akaukunja mara tatu ili usiingie maji. Akaniambia, "Mwanangu, nitolee ile karatasi ya serikali." Fomu ina kurasa mbili. Inatakiwa sahihi ya mwalimu mkuu, muhuri wa chifu, kisha ipelekwe ofisi ya wadi. Kwangu kutoa kurasa mbili ni shilingi 20. Nikaandika anwani ya tovuti, na ukurasa mweupe ukaja wenye mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba imeshindikana kuifikia hifadhidata. Nikabofya tena. Mweupe. Kufika saa sita benchi langu lilikuwa na watu kumi na tisa, kila mmoja na simu mkononi, kila mmoja anabofya na kubofya. Nilijua kwamba kubofya kwao ndiko kunakozidi kuikaba ile seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, lakini utamwambiaje mzazi aache kubofya?

Nilikuwa na fomu ya mwaka uliotangulia kwenye kompyuta yangu. Nikaitoa, nikarekebisha mwaka kwa kalamu, nikawagawia. Chifu aligonga muhuri bila kusita. Ofisi ya wadi ikazikataa zote, kwamba fomu ya mwaka huu imeongezwa safu moja ya namba ya mwanafunzi. Tovuti ilifufuka Jumamosi usiku, na fomu ikapatikana vizuri kabisa, siku moja baada ya kufungwa. Mjukuu wa yule bibi aliripoti shule wiki ya tatu, mjomba wake alipokwisha kuuza mbuzi wawili.

Sasa, kwa nini ukurasa mweupe? Nitatumia mfano wa jirani yangu muuza mahamri. Huamka saa tisa usiku, akaanza kukaanga, na kufikia saa kumi na mbili kabati lake la vioo limejaa. Ukifika, kazi yake ni kufungua kabati na kukufungia kwenye gazeti (samahani, Mhariri, mara nyingi ni lako). Wakija watu mia, anatoa tu. Upande wa pili wa barabara yuko wa chapati, ambaye hasukumi mpaka uagize. Chapati zake ni tamu, sina neno. Lakini wakija watu thelathini kwa mpigo foleni inafika barabarani, na jiko likizima hakuna anayekula.

Tovuti yetu ilikuwa ya chapati. Kila mtu alipobofya, seva iliamsha programu, programu ikaenda kuuliza hifadhidata, ghala la taarifa zote za tovuti, hifadhidata ikatafuta kichwa cha habari, maandishi, menyu na tarehe, vikaunganishwa, ndipo ukurasa ukaletwa. Kazi yote hiyo kwa ukurasa ambao ni ule ule kwa kila mtu. Fomu ya basari haibadiliki kwa kuwa aliyeiomba ni Mwanajuma au Kazungu. Hifadhidata ikichoka, kinachobaki ni ule mstari wa Kiingereza.

Tovuti tuli ni ya mahamri. Kurasa hupikwa mara moja, siku unapobadilisha kitu, zikawekwa kwenye seva zikiwa faili zilizokamilika. Seva haifikiri. Anayeomba faili anapewa faili. Seva ndogo ya kukodi, yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja tu, inaweza kuhudumia maelfu ya watu kwa namna hiyo bila hata kupata joto. Wala si uvumbuzi mpya. Ndivyo tovuti zote zilivyoanza. Ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ulifunguliwa kwa umma mwaka 1991, na nakala yake iko info.cern.ch hadi leo. Nimeifungua kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka na ikasomeka.

Nilipoingia idarani niliikuta tovuti ya kaunti inaumwa ugonjwa mwingine. Ukiifungua kwa anwani unamwona gavana anakata utepe. Ukilitafuta jina la kaunti kwenye Google, chini yake yanatokea maneno ya Kiindonesia ya kucheza kamari. Wakubwa hawakuniamini mpaka nilipowaonyesha kwa simu ya mmoja wao. Wavamizi walikuwa wameingia kupitia kiongezo cha kuonyesha picha ambacho hakijasasishwa tangu aliyekiweka aondoke, wakaacha programu yao ndani ya folda ya picha, imepewa jina kama la picha. Programu ile ilikuwa na adabu: mgeni wa kawaida ilimwonyesha gavana, mtambo wa Google ikauonyesha kamari. Tuliisafisha mara tatu. Mara zote tatu ilirudi, kwa sababu tulikuwa tunafagia sebule na mlango wa nyuma uko wazi.

Wala hatukuwa wa kwanza. Wenye kumbukumbu watakumbuka Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilipochafuliwa kwa siku moja na mtu aliyesemekana kuwa Mwindonesia. Pale ambapo seva inaweza kuendesha programu na kupokea faili kutoka nje, mwizi ana kazi ya kufanya. Tovuti tuli haina mlango wa msimamizi wa kubisha usiku kucha, haina hifadhidata ya kuiba, haina viongezo vya kusahaulika. Nisieleweke vibaya, anayeiba neno la siri la seva ataingia popote. Lakini angalau utakuwa unalinda mlango mmoja.

Safari ya nne nilimwomba mkuu wangu tusisafishe. Tubomoe. Akanipa wiki mbili na kijana mmoja wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya kazini, mwenye kompyuta yake mwenyewe, jambo lililokuwa muhimu kwa sababu yangu ilikuwa haina betri.

Tulitumia Hugo, programu ya bure iliyotoka mwaka 2013. Kuna nyingine nyingi za jamii yake, Jekyll ni ya zamani zaidi, ya 2008. Unaandika habari zako katika faili za maandishi matupu, kila ukurasa faili yake, kichwa cha habari juu na tarehe chini yake. Unatengeneza kiolezo kimoja chenye nembo, menyu na anwani. Unaamuru, na kwa kufumba na kufumbua kurasa zote zinatoka zimepangwa. Yule kijana aliishika siku ya kwanza. Siku ya pili mifupa ya tovuti ilikuwa imesimama.

Siku zilizobaki zilimezwa na makaratasi, na hapa ndipo ningependa wenye kuandika zabuni wakae kidogo. Nyaraka za kaunti zilikuwa zimetawanyika kila mahali. Bajeti ya miaka miwili ilikuwa kwenye barua pepe ya binafsi ya mtu aliyehamishwa. Mpango wa maendeleo ulikuwa umepigwa skani ukurasa mmoja mmoja na kwenye ukurasa wa 14 linaonekana dole gumba la aliyeshika karatasi. Faili moja ilikuwa na jina la scan0043, nyingine hiyo hiyo ikaongezwa neno "mwisho", ya tatu "mwisho kabisa", na zote tatu zilitofautiana tarakimu. Tulienda mlango kwa mlango kuuliza ipi ndiyo ya kweli. Tukazibadilisha majina ili mtu akiona jina ajue ni nini na ni ya mwaka gani. Nyaraka za miaka ya mwanzo ya ugatuzi, kuanzia 2013, hatukuzipata zote, kwa sababu kila tovuti mpya iliyoundwa ilizitupa za tovuti iliyopita. Gavana mpya, sura mpya, na bajeti za mwenzake zinapotea kama hazikuwahi kuwepo.

Hili si suala la unadhifu tu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na iutangaze kwa umma ndani ya siku saba. Kuna Kifungu cha 35 cha Katiba, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Siku saba hizo zinahesabiwaje kama mahali pa kutangazia pamelala siku kumi na mbili?

Halafu kukawa na vita ya picha. Ukurasa wa mbele wa zamani ulikuwa na uzito wa megabaiti 9, kwa sababu ya picha saba kubwa zinazopishana, sita kati yake za mtu yule yule. Wetu ulikuwa kilobaiti 140. Ofisi ya mawasiliano ikalalamika kwamba tovuti imekuwa kavu kama karatasi ya mtihani. Nikamwomba mkuu wa ofisi ile tutoke nje. Tukakaa chini ya mwarobaini, nikampa simu ya mlinzi wa geti, iliyokuwa na bando la shilingi 20, nikamwambia afungue tovuti ya zamani. Ikazunguka. Tukazungumza habari za mvua, za harusi ya mpwa wake, bado inazunguka. Kisha akafungua yetu. Hakusema kitu, ila baadaye alikuja kuomba walau picha moja. Tukampa moja, tumeibana mpaka kilobaiti 40, na gavana bado anaonekana ana meno.

Kupeleka hewani kwenyewe kulikuwa rahisi kuliko watu wanavyotishwa. Faili zote zilikaa ndani ya Git, ambayo hutunza kila badiliko na aliyelifanya, ili siku mtu akiuliza nani aliyebadilisha tarehe ya mwisho ya zabuni jibu liwepo. Kila toleo jipya la tovuti tulilipakia kwenye folda yake kwenye seva, likiwa na tarehe, na kiungo kimoja kikaelekezwa kwenye folda hiyo. Likiwa na kosa unakirudisha kiungo kwenye folda ya jana, na msomaji hajui kulitokea nini. Cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ya tovuti ianze na https, tulikichukua Let's Encrypt, ambao hawatozi hata senti. Wakati ule kilikuwa kinaisha kila baada ya siku 90, kwa hiyo tuliiagiza seva ikihuishe yenyewe. Nakumbuka miaka ya nyuma nikiona hati ya malipo ya cheti kama hicho, na tarakimu zake sitazisema hapa kwa kuwa sina nakala.

Kilichotutoa jasho ni jina la tovuti. Seva iko tayari, kurasa ziko tayari, lakini ili anwani ya kaunti ielekee kwenye seva mpya lazima mtu aingie anapotunziwa jina hilo abadilishe rekodi. Neno la siri hakuna aliyelijua. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe ya mwanakandarasi wa kwanza, na mwanakandarasi alikuwa amefunga ofisi. Yaani anwani ya serikali, yenye go.ke mwishoni, ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu binafsi asiyepatikana kwa simu. Barua yenye muhuri, barua ya pili kwa kuwa ya kwanza ilikosa sahihi moja, nakala ya kitambulisho cha karani wa kaunti, simu zisizo na idadi. Siku kumi na sita. Kurasa zetu zilikaa zimeiva kwenye kabati wakati watu wanaendelea kula kamari.

Tulipoupata ufunguo, kwanza nilipunguza muda ambao mitambo mingine inakumbuka anwani ya zamani, kutoka siku nzima hadi dakika tano, nikangoja siku nzima ipite. Tukahamisha Jumamosi saa tano usiku, tukiwa na chupa ya chai na viazi karai. Saa tano na nusu kijana akashika simu yake, akazima na kuwasha data, akafungua. Ilikuwa yetu. Jumatatu hakuna aliyepiga simu idarani kulalamika wala kusifu, nami sijawahi kufurahia ukimya wa ofisi kama siku ile. Basari ya mwaka uliofuata ilipita, siku ya mwisho nikawa naitazama seva kama mama anayetazama mtoto mwenye homa, na haikuwa na homa yoyote.

Nitakuwa mwongo nikisema yote yalikwenda sawa. Udhaifu ulikuwepo, na ulikuwa mimi. Wakuu wa idara nyingine hawakuweza kuandika faili zile na kuzisukuma kwenye Git. Walinitumia matangazo kwa WhatsApp, saa nyingine picha ya karatasi iliyopigwa kwa pembeni, saa nyingine sauti ya dakika nne. Mimi ndiye niliyechapa. Nilipougua wiki moja, tovuti nayo iliugua. Mkataba wangu ulipoisha Juni, tovuti haikuanguka, iliendelea kufunguka haraka vilevile, lakini ilibaki inatangaza kwa ustadi mkubwa zabuni zilizofungwa zamani. Kosa hilo nalibeba. Nilipaswa kuwafundisha makarani wawili tangu mwanzo, na kuwawekea fomu ya kuandikia. Zipo programu za bure zinazompa karani kisanduku cha kuandika kama cha barua pepe, akibonyeza kuhifadhi faili inaandikwa na tovuti inajipika yenyewe. Sikufanya. Nilikuwa na haraka na, nikiri, nilipenda kuombwa.

Aliyefuata akaona tovuti imezeeka, akaitisha mwanakandarasi, na mwanakandarasi akairudisha kwenye chapati. Ijumaa ya yule bibi ilikuwa chini ya mfumo huo.

Najua kuna watakaosema kwamba Mama Saiba anataka turudi 1991, wakati serikali yote imehamia mtandaoni. Sijasema leseni ya biashara ilipwe kwa faili tuli. Haiwezekani. Kulipa, kuomba kibali, kufuatilia ombi lako, hayo yanataka mfumo unaomjua mtu, na eCitizen, mfumo wa serikali wa kuombea na kulipia huduma mtandaoni, ipo. Ninachosema ni kwamba kaunta na ubao wa matangazo visijengwe kwenye msingi mmoja. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa kwa kumiminiwa maombi mpaka ikakwama, jambo ambalo Eliud Owalo, waziri wa habari wa wakati huo, alilithibitisha, hapa kwangu watu walijaa wakiulizia pasipoti na leseni za kuendesha gari. Nilikuwa sina cha kuwaambia. Siku kaunta imefungwa ndiyo siku unayouhitaji ubao zaidi, mtu aandike tu: tumefunga, rudini Alhamisi, tarehe ya mwisho imesogezwa.

Marekani waliyapitia haya mwaka 2013 na tovuti yao ya bima ya afya, HealthCare.gov. Kurasa zake za maelezo zilitengenezwa kwa Jekyll, faili zilizokwisha kuiva, zikaenda hewani Juni mwaka huo. Sehemu ya kujisajili, yenye akaunti na ukaguzi wa kipato, ikafunguliwa 1 Oktoba na kuelemewa. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye na kamati ya bunge lao zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofaulu kumaliza kujisajili walikuwa watu 6. Serikali yenye fedha kiasi kile. Sisi tunataka kuweka akaunti ya kila mwananchi kwenye tovuti ambayo haijaweza kutoa fomu ya kurasa mbili.

Roboti wa kujibu maswali nitampita haraka. Maswali ninayoulizwa hapa ni manne: fomu iko wapi, mwisho lini, inapelekwa wapi, na ni bure? Yote yanatosha kwenye kioo cha simu bila kusogeza kidole.

Kama zabuni ni lazima iendelee, basi mwenye kuiandika angeingiza mambo ambayo mwanakandarasi hatayaingiza mwenyewe. Jina la tovuti lisajiliwe kwa cheo na kwa barua pepe ya kaunti, watu wawili wawe na ufunguo, na ofisi ya karani iwe na bahasha iliyofungwa. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka kaunti ikabidhiwe tovuti nzima kama faili, na afisa wa kaunti azipandishe kwenye seva nyingine mbele ya macho yao zikafunguka. Ukurasa wa fomu upimwe kwa simu ya bei nafuu, nje ya ofisi, kwenye bando, si kwenye Wi-Fi ya ukumbi wa mikutano. Nyaraka za zamani zihame pamoja na anwani zao, ili mtu aliyenukuu bajeti ya 2019 kwenye kesi yake asikute ukurasa haupo. Na kila fomu iwe na nakala inayoweza kuandikwa, siyo picha yenye dole gumba.

Mengine ya kazi hii yalikwisha kulipwa kwa kodi zetu. Nilipoondoka nilikabidhi flashi diski nyeupe, imeandikwa TOVUTI kwa kalamu ya wino wa bluu, ndani yake faili zote, violezo, na karatasi mbili za maelekezo kwa Kiswahili. Iliingizwa kwenye hati ya makabidhiano, nikasaini, na afisa wa stoo akasaini. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa kwenye kabati la pili la idara, droo ya juu, chini ya kisanduku cha wino wa printa ambayo haipo tena. Zabuni inafunguliwa Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Yule kijana sasa ameajiriwa Nairobi, lakini ameniambia yuko tayari kupiga simu na kumwelekeza karani yeyote, na mimi niko hapa stendi, mlango wa tatu kutoka kwenye bomba. Namwomba afisa wa stoo aazime ufunguo wa kabati kabla ya siku hiyo.

Mama Saiba,
Pwani.